Mgongo wa Muosha

Al Barsha
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kaka Marhun,

Assalaam alaikum. Hiyo ni haki yako nami nimeitoa. Yanayofuata si salamu.

Umenifungia simu, na Hala naye umemwambia asinifungulie mlango. Mke wako hana kosa, anakutii. Basi nimerudi kwenye karatasi. Barua hii atakukabidhi Fridah, na usimgombeze. Nilimwomba leo, siku yake ya mapumziko, akacheka sana. "Dada Joha, mnaishi mji mmoja na mnaandikiana kama watu wa jela! Haya, napeleka. Boss akinifuta nakuja kulala kwako."

Mama atapasuliwa mgongo tarehe tatu Novemba. Tarehe hiyo nimeijua kutoka kwa Fridah, msaidizi wa nyumba yako, si kutoka kwako. Katika familia yetu nzima ni mimi peke yangu niliyesomea migongo ya watu, kila siku naishika kwa mikono hii, na nimekuwa wa mwisho kuambiwa juu ya mgongo wa mama yangu.

Siku ile kwa daktari uliinua picha ya pingili zake kana kwamba umeshinda kesi. "Unaona? Umesagika!" Kaka, mchukue mwanamke yeyote wa umri wa Mama asiyeumwa popote, mpige picha, na mara nyingi utayakuta hayo hayo. Nimempima mwenyewe. Miguu yake ina nguvu, hana ganzi, haja zake ziko sawa. Hakuna linalotulazimisha kukimbilia kisu.

Sisemi kwamba haumwi. Anaumwa. Ninachosema ni kwamba maumivu hayakai kwenye mfupa peke yake. Yanakaa pia katika usingizi wa mtu, katika hofu yake, katika kazi aliyonyang'anywa, na katika nyumba ambayo hakuna anayemwachia hata kuvaa viatu vyake mwenyewe.

Tangu sisi wadogo, akifa mwanamke wa Kiswahili katika mji huu, Mama ndiye anayeitwa kumuosha. Idi mosi aliitwa, akaenda, akarudi, na asubuhi yake hakuweza kuinuka. Wewe ukatoa amri: hakuna kuosha, hakuna jikoni, hakuna ngazi. Umemketisha kwenye kochi kama mgeni wa heshima aliyekuja kuaga. Wala si mgongo wake unaouogopa. Unaogopa watu waseme kwamba Marhun, mwenye duka kubwa la vipuri vya magari Ras Al Khor, bado anamwacha mama yake akainame juu ya maiti za watu.

Nilimuuliza kilichotokea siku ile. Akaugeukia ukuta. Kitu kipo, na nitakijua. Wewe nakuomba jambo moja tu: ahirisha.

Joha


Ras Al Khor
Jumatano, 15 Oktoba

Joha,

Waalaikum salaam. Fridah simfukuzi. Ameniletea bahasha na chai pamoja, akatoroka kabla sijaifungua.

Naandika dukani, kuna mteja anasubiri giaboksi. Sina ufundi wako wa maneno, kwa hiyo nitasema yangu wazi.

Wewe ukija nyumbani huji kama mtoto, unakuja kama polisi. Mama, unalala vizuri? Mama, unalia? Mama, unaogopa nini? Mama, kabla ya kuumwa uligombana na nani? Mara ya mwisho ulipoondoka alijifungia chooni mpaka Hala akaenda kumgongea. Unajua alimwambia nini? "Joha anaona nasingizia." Bibi mzima, mama yako, analia chooni kwa sababu ya maswali yako, na wewe unaniandikia habari za viatu.

Gari likija kwangu linalia gurudumu, siliulizi limelala vipi wala nani kaliudhi. Nafungua, naona beringi imekwisha, naibadilisha, yalla, gari linaondoka. Daktari kafungua, kaona. Wewe unataka tumkalishe Mama tumsikilize mpaka beringi ijirudishe yenyewe.

Na ujue hili. Mimi sikumshika mkono. Daktari alikuwa bado anaeleza, Mama akasema, "Nipasueni," akaomba kalamu. Yeye mwenyewe. Nilimwambia asubiri kidogo, akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Wewe hukuwa umefika bado. Ulipofika ukasimama kutoa somo. Kila mtu kimya, Profesa Joha anazungumza! Mbele ya daktari mgeni, mbele ya mke wangu. Miaka yote niliyokaa nikijisifu kwa watu kwamba mdogo wangu kasoma, sikujua kwamba elimu hiyo itakuja kunipiga mimi.

Khalas, basi. Mama akishapasuliwa salama, mlango uko wazi.

Kaka yako,
Marhun


Al Barsha
Jumapili, 19 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo.

Kaka anasema kisu umekitaka mwenyewe. Nimeisoma sentensi hiyo nikaiweka barua chini, nikaenda kusimama dirishani. Wewe, uliyekuwa hukubali hata sindano ya homa?

Anasema pia unaamini nakuona unasingizia. Hilo limenichoma. Wallahi sijawahi kuliwaza. Maumivu yako ni ya kweli yote. Nipe nafasi nikueleze ninavyoyaona. Mishipa ya fahamu ni kama mlinzi wa jengo. Akishaibiwa mara moja kwenye zamu yake, baada ya hapo kila paka akipita anawasha taa za ghorofa zote. Mlinzi hadanganyi, ameshtuka tu. Na huwezi kumtuliza mlinzi kwa kubomoa ukuta. Lazima ujue kilichomshtua, ndiyo maana nikakuuliza.

Kwa kuwa wewe hukunijibu, Ijumaa nilikwenda kwa Bi Khairunisa, maana yeye ndiye anayepanga nani aitwe kuosha. Nilimuuliza siku ile ya Idi mosi kulitokea nini chumbani.

"Ewe mtoto," akasema, "hilo nalo ni la kuuliza?"

"Nauliza kwa ajili ya tiba, bibi. Mimi mtaalamu."

"Utaalamu wako hauingii kwenye chumba kile."

Kisha akaniambia jambo jingine, la Kaka huyo, ambalo nitalimaliza naye. Akanisindikiza mlangoni na glasi ya maji ikiwa bado nusu mkononi mwangu.

Mama, kila mtu katika mji huu anajua kunyamaza isipokuwa mgongo wako. Niambie uliona nini. Niandikie hata neno moja. Kwangu hayatatoka. Wagonjwa wananiambia mambo ambayo hawajawaambia waume zao, na mimi nayaweka. Sikuombi kama binti tu. Nakuomba kama mtu anayeweza kukusaidia, na muda unakwisha.

Mwanao,
Joha


Nyumbani kwa Marhun
Jumatano, 22 Oktoba

Joha,

Marahaba.

Naandika kwa mkono wangu, Fridah kanishikia mto mgongoni na nimemwambia atazame upande wa pili. Nikikaa sana naumwa, kwa hivyo soma vizuri, maana sitarudia.

Mie mama yangu kanifundisha kuosha kabla hajanifundisha kupika. Na la kwanza kunifundisha si maji wala kafuri, ni mdomo. Ukiona kizuri kwa marehemu, waweza kukisema. Ukiona kingine, unakizika naye. Yule aliyelala pale hawezi kujifunika mwenyewe, hawezi kujieleza, kakuachia wewe. Baba yako kalala ubavuni mwangu maisha yake yote na hakusikia hata neno moja la nililoliona. Wewe leo wanambia nikuandikie neno moja. Ati mtaalamu! Wagonjwa wako wanakwambia mambo yao. Hili si langu. Hukulifikiria hilo na masomo yako yote?

Nitakwambia yaliyo yangu, uache kuzunguka majumba ya watu.

Siku ile tulikuwa wawili. Mwenzangu hakuweza, akatoka. Nikamgeuza peke yangu. Mgongo ukashtuka. Huu mgongo umeshanishtuka mara nyingi, unakaa siku mbili tatu, unakandwa, unapona. Nikajua na safari hii utapona.

Lakini maneno yakatoka. Watu wakaanza kunong'ona habari za yule binti niliyemuosha. Sijui yalianzia wapi, najua tu hayakuanzia kwangu. Na toka hapo simu yangu haikulia. Wamekufa wanawake, Joha. Nasikia kwa wapita njia kwamba fulani kazikwa jana, na hawakuniita. Wanadhani ni mie niliyesema. Nimekaa kwenye kochi la kaka yako na simu mapajani, na kila nikijaribu kuinuka mgongo unakaza kama umefungwa kamba.

Sasa wewe umekwenda kwa Khairunisa kuuliza kilichoonekana. Mtoto wa Masuda! Atafikiri nini, ila kwamba nyumbani kwetu tumekwisha kulifanya gumzo?

Wauliza kwa nini nimekitaka kisu. Kwa sababu yule daktari hakuniuliza kitu. Katazama picha, kasema mama umechakaa, tutakata. Alhamdulillahi. Nitalazwa, nitachanwa, na kila mtu atajua kwamba Masuda alikuwa mgonjwa kweli, ndiyo maana haitwi. Hapatakuwa na sababu nyingine ya kutafuta.

Kaka yako kanifanya kikongwe, wewe umenifanya muongo. Mwenye kisu hakunifanya chochote.

Usije.

Masuda


Al Barsha
Alhamisi, 23 Oktoba

Marhun,

Assalaam alaikum.

Fridah amekuja mbio na barua ya Mama, na hii anarudi nayo sasa hivi. Barua ya Mama sitakuonyesha. Si yangu kuitembeza, na leo nimefundishwa hilo kwa namna ambayo sitaisahau. Nitakwambia linalokuhusu tu.

Bi Khairunisa aliniambia kwamba Idi pili ulimpigia simu. Ulimwambia wasimwite Mama tena kuosha. Ukamwomba na zaidi ya hapo: Mama asijue kwamba ombi limetoka kwako. "Mwanawe kasema daktari kakataza," alinambia, "sisi tungefanyaje?"

Nilidhani ni ubabe wako wa siku zote. Nikauweka ili nije nikuchape nao siku moja. Sikujua kwamba umemzika mama yako kwa simu hiyo.

Mama anaamini wenzake wamemtupa. Anaamini wanamshuku kwamba ametoa siri ya maiti. Mwanamke ambaye maisha yake yote heshima yake imekuwa ni kile asichokisema! Amekaa miezi kwenye sebule yako akingoja simu ambayo wewe uliikata, na wewe ukipita unamwongezea mto. Ndiyo maana anataka kupasuliwa. Anatafuta sababu ya kuonekana hafai, iliyo bora kuliko ile anayodhani watu wanayo. Weka hilo kwenye mizani yako ya beringi.

Mwambie. Wewe, kwa mdomo wako, kabla ya tarehe tatu. Nikimwambia mimi ataona nimeendelea kuchunguza, na mimi kwake sasa sina pa kusimama. Nimemkosea langu, nimemwandikia kumwomba radhi, Fridah anaibeba pamoja na hii.

Sikuahidi kwamba atapona. Hata ukimwambia leo, kesho ataamka anaumwa. Mwili haubadiliki kwa sababu umepewa habari. Lakini kama ni kukatwa, akatwe akijua anakatiwa nini.

Usiniandikie mpaka umwambie.

Joha


Ras Al Khor
Jumamosi, 1 Novemba

Joha,

Waalaikum salaam.

Nimechelewa. Barua yako ilikaa kwenye droo ya duka pamoja na bolti. Kila nikifungua kutafuta kitu naiona. Jumatano nilimkaripia mfanyakazi kwa kosa langu mwenyewe, jana baada ya swala ya Ijumaa nikaenda nyumbani moja kwa moja.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yalipotea. Nikasema tu, "Mama, mimi ndiye niliyewaambia wasikuite."

Alikuwa anachambua mchele ambao Hala hataki auchambue. Hakuinua kichwa.

"Uliwaambia lini?"

"Idi pili."

"Na mie nikikaa pale na simu, wewe ukiniona?"

"Nikikuona, Mama."

"Ukanipa mto."

"Nikakupa mto."

Akaendelea kuchambua. Wallahi ningependa anitukane. Kisha akamwita Fridah alete simu, akampigia Bi Khairunisa, akaweka sauti nje, akasema, "Khairunisa, mie Masuda. Mwanangu ana neno." Akanisukumia simu. Mwanamume wa umri wangu, nina ndevu, nina wafanyakazi, nimepiga magoti kwenye zulia namweleza bibi wa watu nilivyodanganya. Fridah amesimama pale anajifanya anafuta kabati. Kabati lile lilikuwa safi, Joha.

Bi Khairunisa akapaza sauti, "Masuda! Sisi tukasema wewe ndiye uliyetususa! Mbona hukupiga simu?"

"Nikidhani mnanishuku."

"Tukushuku wewe? Tunajua maneno yale yalitoka wapi, na si kwako. Mwendawazimu wee!"

Wakalia wote wawili kwenye simu, kisha wakagombana nani alipaswa kupiga kwanza. Nikatoka.

Jumatatu haendi. Amewapigia hospitali mwenyewe. Nilimwambia, "Mama, mfupa lakini bado umesagika." Akanijibu, "Usagike."

Usidhani umeshinda. Leo alfajiri aliamka ameshika ukuta. Bado naamini picha ile, na akija kushindwa kutembea nitakushtaki mbele ya Mungu. Na bado sijasahau ulivyonivunjia heshima kwa daktari. Lakini simu nimekufungulia.

Anakutaka. Nanukuu: "Mwambie aje na ile elimu yake ya mikono. Ile ya mdomo aiache huko huko Al Barsha."

Marhun


Al Barsha
Jumapili, 7 Desemba

Mheshimiwa Bi Khairunisa,

Shikamoo bibi.

Mama ameniamuru nikuandikie kukuomba radhi, na amesema ataisoma kabla haijafungwa, kwa hiyo nakuomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa. Nilikuja nyumbani kwako kuomba nisichostahili, nikakiita tiba. Sijui Mama aliona nini siku ile. Sijamuuliza tena. Nilifundishwa kwamba maumivu ya mtu yana mwili, yana nafsi na yana watu anaoishi nao, na hilo bado naliamini kuliko jana. Ila nilidhani hayo yote ni mali yangu mara mtu anapolala kwenye kitanda changu cha kliniki.

Nakuandikia pia kuhusu kazi.

Siku ya kwanza nilipofika nilimuuliza swali moja tu: "Mama, unataka mgongo huu ukufanyie nini?" Akanitazama sana. "Nataka kumgeuza mtu," akasema, "bila kuogopa." Basi hilo ndilo tumefanya. Tulianza na godoro lililokunjwa. Anasogea karibu, anakunja magoti, anavuta pumzi, anasukuma kwa mapaja badala ya kiuno. Alipolizoea nikasema sasa tunahitaji mtu. Fridah akakimbilia jikoni. "Mimi nicheze maiti? Wacha kabisa! Nina tiketi ya Krismasi, nataka kufika nyumbani nikiwa hai!"

Akabaki Marhun.

Unamjua Marhun, bibi. Amelalamika kwa lugha zote za Ras Al Khor. Hala akasema ni uchuro mtu mzima kulazwa hivyo ndani ya nyumba yake. Mama akatandika mkeka sebuleni akamwonyesha kwa kidole, naye akalala, tumbo juu, akafunikwa shuka, mikono ubavuni. Ni mzito. Nilimkataza Mama asianze na bega, akanijibu kwamba ameanza na bega tangu kabla sijazaliwa.

Alimgeuza mara moja. Akasimama, ameshika kiuno, uso umembadilika.

"Unauma," akasema.

Zamani ningeuliza unauma vipi, unahisi nini, unawaza nini. Nilikuwa nayo yote mdomoni. Nikasema, "Nauona. Na wewe umesimama."

Akapumua. Akainama tena, akamgeuza upande wa pili, taratibu, kama afanyavyo kwa marehemu wenu, huku ameshikilia shuka lisifunuke. Pale ndipo sauti ilipotoka chini ya shuka, imebanwa na mkeka: "Mama, mimi kweli nilikukosea, nilidhani…"

"Nyamaza," Mama akasema. "Maiti hasemi."

Tulicheka mpaka Hala akaja kutazama. Mama hakucheka, alikuwa akinyoosha shuka miguuni mwa Marhun, na alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Bado anaumwa, bibi. Siku nyingine anaamka vizuri, siku nyingine anashika ukuta. Sitakudanganya. Naomba asiwekwe peke yake, awe na mwenzake asiyetoka chumbani, na akisema apumzike aachwe apumzike, akisema aendelee msimzuie. Marhun ataleta mashaka yake, mimi nitaleta ushauri wangu. Msitusikilize. Akifa mwanamke mkamhitaji, mpigieni yeye. Namba ni ile ile, na atakayeipokea ni Masuda, si mwanawe wala binti yake.

Mtoto wenu,
Joha